Moto Husubiri Chai Iagizwe

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu anaandika programu! Mimi huyu, niliyeishia darasa la nne, nimezaa fundi wa kompyuta. Yuko kwenye majaribio ya kazi ghorofani, mkabala na kibanda changu cha chai. Ijumaa bosi anaamua. Usingizi sina. Jioni kanieleza: klasi ni mpango wa kitu, tuseme chai yangu, na kila kikombe ni kitu chenyewe. Klasi haiandaliwi mpaka iitwe mara ya kwanza, na huandaliwa mara moja tu. Kikombe nacho, kikizaliwa, hupewa sukari yake. Nimeelewa yote! Kumbe nachoma mkaa bure alfajiri, kama jirani yangu muuza chai, tunayemwita Bi Mapema kwa kuwahi jogoo.

Jumanne, 4 Machi
Sikuwasha moto. Mshona viatu kafika, kaagiza. Ndipo nikaanza kupepea jiko. Nikamwambia avute subira, klasi inaandaliwa. Akasema tumbo lake lilishaandaliwa tangu jana. Kahamia kwa Bi Mapema. Mshamba!

Jumatano, 5 Machi
Mara moja tu, si ndivyo? Nimemimina sukari yote kwenye birika. Mwalimu mstaafu, asiyegusa sukari, kapiga funda moja, akauliza kama namtakia mauti. Binti kanionya: moto na majani ni vya wote, sukari ni ya kila kikombe. Ndiyo, mwanangu. Anavyojua kueleza! Nimemsifu mbele ya Bi Mapema mpaka akafunga dirisha.

Alhamisi, 6 Machi
Kesho saa nne bosi analeta watu wake kwangu! Wakiridhika, chai ya ofisi ni yangu kila siku. Binti kanisihi niwashe mapema. Hata kwenye programu, anasema, fundi akijua wageni wanakuja anaweza kuandaa klasi kabla haijaitwa. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi
Alfajiri nikabeba mkaa. Bi Mapema akacheka, akauliza kama elimu yangu imeshaisha. Nikaurudisha ndani!
Wageni wakakaa. Wakaagiza. Nikawasha. Lo, mkaa umelowa, kumbe niliutupa chini ya mtungi unaovuja! Moshi, kikohozi, bosi machozi. Binti kainamisha uso. Bi Mapema huyooo, na chupa yake ya chai, kwa maringo. Bosi akalalamika: kwa nini mteja wa kwanza ateseke hivi? Binti akainua kichwa. Akasema ndivyo programu yao inavyofanya kila asubuhi: mteja wa kwanza hungoja klasi ziandaliwe. Yeye anaweza kuziandaa kabla mteja hajafika. Bosi akapangusa macho, akacheka. Kazi kapewa palepale! Nimepiga vigelegele hadi sauti imekauka. Chai ya ofisi kachukua Bi Mapema. Na aichukue.

Jumamosi, 8 Machi
Binti kaniomba, kwa upole, sasa niwe nawasha moto mapema. Mapema! Kazi kaipata kwa moshi wa nani? Mdogo wake kahitimu ushonaji, anatafuta pa kushika. Nimeshamwalika mwenye kiwanda cha nguo, Jumatatu, chai saa nne. Safari hii sibahatishi. Mkaa nimeumwagia maji mwenyewe.