Tuta Lililozaa Mji

Habari ililetwa na dereva wa lori la saruji, akaitoa huku anapuliza kahawa: tuta linaondolewa.

"Tuta lipi?" Mama Birika aliuliza, ingawa barabara nzima ilikuwa na moja tu, nalo lilikuwa mbele ya jiko lake, nene kama kaburi la tembo.

"Hilo hilo, mama. Leo. Mitambo iko njiani. Malori sasa yatasimama kule njia panda, kwenye mizani mpya."

Akamaliza kikombe, akaondoka. Lori likapanda tuta, likashuka kwa kishindo, nati moja ikabaki barabarani. Fundi Pancha, mziba matairi, akaenda kuiokota polepole kama mtu anayechuma embe la mti wake.

"Uzushi," akasema akirudi kwenye benchi. "Nani anaweza kuua mji mzima?"

"Mji gani?" Kinyozi akacheka. "Vibanda na choo kimoja?"

"Na kinyozi asiyejua kunyoa. Huo ni mji, bwana."

Profesa, ambaye uprofesa wake ulitokana na semina moja ya mipango miji, alikohoa. "Jamani, tuongee kitaalamu. Mahali hukua kwa sababu. Kuna bandari, watu wanakuja. Kuna mto, watu wanakuja. Kuna madini, watu wanakuja na mapanga. Sisi tuna nini?"

"Hewa nzuri," akasema Kinyozi.

"Vumbi hili?"

"Tuna ukarimu," akasema Pancha.

"Wewe? Si ulimtoza yule mzee kwa kumwonyesha njia?"

"Nilimwonyesha njia mbili. Ya pili ilikuwa bure!"

Mama Birika alichochea mkaa. Binti yake alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, na kila sindano aliyojifunza kuchoma ilitoka kwenye birika lile. Hakuwa na muda wa semina.

"Pancha, wewe ulikuja hapa kufanya nini?"

"Mimi? Nilikuwa naenda harusini kwa shemeji. Basi likaruka tuta, tairi likapasuka, nikasaidia kuziba. Kabla sijanawa mikono likapasuka la basi jingine. Mpaka leo sijafika harusini."

"Shemeji ana wajukuu sasa!"

"Nitawapongeza wote kwa mkupuo."

"Na wewe, Kinyozi?"

"Springi ilikatika. Tukamsubiri fundi mpaka abiria wakaota ndevu. Mtu ungefanyaje?"

"Profesa?"

Profesa alitazama ndani ya kikombe. "Nilikuja kulifanyia utafiti hilo tuta."

"Mwongo! Ulirushwa kutoka juu ya lori la magodoro, nilikuona kwa macho yangu!"

"Nilianguka kitafiti."

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Mama Birika peke yake hakucheka. "Basi hatuna bandari wala madini. Tuna tuta. Sisi sote hapa ni mzigo uliomwagika."

"Tutalala juu yake!" Pancha akasimama. "Mitambo ipite juu yetu kwanza!"

"Lala katikati, kaka. Kwa tumbo hilo utakuwa tuta la akiba."

"Hatuhami!" Profesa naye akapandwa na mori. "Mwacha asili ni mtumwa!"

"Asili gani, na wewe umetoka kwenye magodoro?"

Greda ikafika, ikalikwangua tuta kama ukoko. Hakuna aliyelala. Kila mmoja alikuwa bado na kahawa kikombeni, na kahawa haiachwi ikapoa. Nyuma ukaja mtambo wa kushindilia, ule wa gurudumu la chuma, ukapasawazisha pakawa kama meza. Mara lori likatokea, likapita bila kupunguza mwendo. Dereva akapunga mkono, hata sura yake hawakuiona.

Mama Birika akakunja kitambaa, akashika jiko, akamgeukia dereva wa mtambo wa kushindilia. "Kaka, unaelekea wapi na mtambo wako?"

"Njia panda, dada, kwenye mizani. Lakini huu unatambaa, hata kobe ananipigia honi."

"Vizuri. Nitafika maji yamechemka." Akapakia jiko, birika, vikombe, kisha akajipakia mwenyewe.

"Mama Birika, unatusaliti!" Pancha alilia.

"Kuku hafuati banda, bwana, anafuata punje. Baki na asili yako."

Mtambo ukaondoka ukinguruma. Wanaume wakatazama majivu. Pancha akainua ncha moja ya benchi, eti ananyoosha mgongo. Kinyozi akatupa wembe na mkasi mfukoni, akainua ncha nyingine. Profesa akatangulia na kikombe chake, akisema anawasindikiza tu.

Hawakuhitaji hata kukaza mwendo. Mama Birika alikuwa anawamiminia kahawa kutoka juu ya mtambo, nao wamerudia kubishana kuhusu bandari, aliposikia mtu anapiga kelele nyuma. Ni mteja aliyesahauliwa kitini tangu habari ianze, taulo shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Kinyozi! Na huu upande wa pili?"

"Huo unanyolewa njia panda!"