Joto la Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Wiki imeanza vibaya, na kosa ni langu. Zamu ya kulisha seli Jumamosi na Jumapili ilikuwa yangu. Sikwenda. Kwenye daftari la zamu nimeandika niliumwa tumbo. Sikuumwa. Nililala!

Naeleza kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri. Katika maabara yetu tunakuza seli za ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Seli hizo hushikana ubavu kwa ubavu ili mabaya ya damuni yasipenye kichwani. Tunatafuta kirusi cha ukimwi kinazifanya nini. Vikombe vya A vina ukuta usio na kirusi. Vikombe vya B vina ukuta uliokutanishwa na seli za damu zilizoambukizwa. Tunapitisha umeme kidogo. Ukuta ukiwa imara, namba inakuwa kubwa. Ukivuja, inashuka. Basi.

A ni zangu. B ziko nyuma ya kioo, katika chumba cha ulinzi, na ni za mwenzangu ninayemwita Bi Saa kwa kuwa hajawahi kuchelewa hata dakika moja. Jumapili alikuja kulisha zake. Jumapili! Watu wengine hawana kwao.

Chakula cha A, ambacho hutakiwa kiwe chekundu, nimekikuta cha manjano. Nimekibadilisha haraka na kuziomba seli radhi kwa sauti ya chini.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima. B, kwa kipimo cha Bi Saa: tisini na mbili. A: sabini! Yaani ukuta mzima unavuja kuliko ulioguswa na kirusi. Maji yamezidi unga.

Ijumaa wanakuja watu waliojitolea damu kwa utafiti huu, waonyeshwe damu yao imefanya kazi gani. Mmoja wao ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Anaishi na virusi mwaka wa tisa sasa. Siku hizi husimama jikoni akasahau amefuata nini, na anaogopa kwamba kirusi kimeshafika kichwani. Ndiyo maana alitoa mkono wake. Mara mbili.

Jambo jingine, naliandika hapa tu. Dada anaamini mimi ndiye mkuu wa utafiti. Nilimwambia mwenyewe. Kazi yangu ni kulisha seli na kuosha vyombo.

Nikiwa bado nimeduwaa, nikasikia viatu vya Bi Saa. Nikaficha trei ya A kwenye jokofu. Akazungumza dakika tano kuhusu usafi wa beseni. Alipoondoka nikapima tena. Mia moja na arobaini! Kumbe baridi inauzuia umeme, ukuta uwe mzima uwe mbovu. Kwenye mlango wa kabati la joto, ambamo seli hukaa, kuna karatasi ya mwandiko wa Bi Saa: seli za mtu zipimwe kwenye joto la mtu. Miaka miwili naipita karatasi hiyo. Nilidhani ni pambo.

Nimeandika mia moja na arobaini kwenye kitabu. Mwandiko unasomeka vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Pigo. Profesa amesema Ijumaa Bi Saa ndiye atakayepima mbele ya wageni, A na B. Atapima kwa joto la mtu, na nitaumbuka.

Nikamwendea Profesa kwa upole. Nikamwambia Bi Saa hupata kigugumizi mbele za watu. Profesa akashangaa, maana Bi Saa ndiye aliyemfundisha yeye Profesa kuhutubia. Nikasema labda nimemchanganya na mtu mwingine.

Nikamgeukia Bi Saa mwenyewe. Nikamwomba aniachie A, kwa kuwa dada yangu atakuwepo. Nitamwoshea vyombo vyake mwezi mzima. Akasema haya, kama ni kwa ajili ya dada, chukua. Alisema kwa wema. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeosha vyombo vya Bi Saa. Vingi ajabu. Dada amepiga simu. Ameshona gauni jipya la kesho na amewaalika majirani wawili waje wamwone mdogo wake akiongoza utafiti. Nilimwambia ukumbi ni mdogo. Akasema watasimama.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wageni kumi na watano. Dada mstari wa mbele, gauni la bluu. Profesa akaeleza kwamba kirusi mara nyingi hakiziingii seli za ukuta zenyewe. Hupita kimejificha ndani ya seli za ulinzi zilizoambukizwa, kama askari anayempitisha mwizi chini ya koti lake, na vitu vinavyotoka humo hulegeza maungio ya ukuta. Dada akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kumbe ni mishono. Profesa akasema hasa, mama, ni mishono.

Nikatoa jokofuni trei ya A, niliyoirudisha humo asubuhi, nikiwa nimewapa wageni mgongo, nikaileta mezani. Na mezani kulikuwa na nini? Bamba la joto! Bi Saa ameniwekea kabla hajaingia nyuma ya kioo. Kunisaidia! Profesa akaiweka trei juu yake kwa mkono wake mwenyewe na kuwasha projekta ili namba zionekane ukutani.

Mia moja na arobaini. Majirani wakapiga makofi. Profesa akaendelea kueleza. Mia moja na ishirini na moja. Nikakohoa. Tisini na nane. Nikasimama mbele ya namba, zikaniangukia kwenye shati. Themanini na tatu. Sabini. Ikatulia hapo. Nyuma ya kioo Bi Saa akapima B: tisini na mbili, kama siku zote.

Dada akanyoosha mkono. Akauliza kama ina maana ukuta wa asiye na virusi umeoza na wa kwake ndio imara. Aliniuliza mimi, si Profesa. Watu wote wakanigeukia.

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba sayansi ina maajabu yake.

Profesa akasema hapana, kuna kosa mahali, asiondoke mtu na namba hizi kichwani. Lakini dada alikuwa ameshanisikia mimi, na sasa anakumbatiana na majirani. Profesa akagusa ukingo wa trei ambao bamba halikuufikia. Baridi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa dada nikidhani nitampata na maswali. Nimemkuta anaimba. Jana usiku hakumeza dawa. Chupa ameiweka nyuma ya kopo la vifungo. Alisema zinamchafua tumbo, na kama ukuta wake uko imara, anazimezea nini?

Kwanza nikajaribu ujanja. Nikasema dawa hizo hung'arisha ngozi. Akacheka. Nikasema Profesa ameagiza. Akasema Profesa ana haki ya maoni yake, lakini mkuu wa utafiti ni wewe, mdogo wangu, na ulisema ndiyo mbele ya watu.

Basi nikasema yote. Kwamba mimi si mkuu wa kitu. Kwamba nalisha seli na kuosha vyombo. Kwamba nililala siku mbili, seli zangu zikadhoofika kwa njaa, nikauficha ubovu wake kwa jokofu. Kwamba sabini ile haihusu kirusi kabisa, inahusu uvivu wangu.

Akaweka mkasi chini. Hakupiga kelele. Alisema alikaa kwenye benchi letu kwa saa mbili, sindano mkononi, akiwaza kichwa chake, na mimi nimelala. Kisha akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilipita nyumbani kwangu. Akatoa chupa nyuma ya vifungo, akameza kidonge mbele yangu, akanywa maji yote ya bilauri.

Akataka nimwambie ninachokijua kweli, bila nakshi. Nikamwambia. Dawa hukipunguza kirusi damuni, mishono ikapata nafuu, ingawa si yote hurudi kama ilivyokuwa. Akiacha, kirusi huongezeka tena. Kuhusu kusahau, sijui, na hakuna namba ya maabara yetu inayoweza kumjibu. Amweleze daktari wake, pia usiku ule alioruka. Akasema hilo ndilo neno la maana nililomletea mwaka huu.

Nimelia njiani, mtu mzima na miwani yangu. Dada alinidai ahadi moja: Jumatatu nimweleze Profesa kwa mdomo wangu. Nimeapa. Sitadanganya tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 11 Machi

Niliingia kwa Profesa nikiwa nimejiandaa kusema kweli. Akaniuliza kwa nini trei ilikuwa baridi. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kabati la joto la A limeharibika.

Akaniamini! Akanishukuru. Vikombe vyote vya A vimetupwa, kazi inaanza upya. Bi Saa amenigawia seli zake changa nane, zenye afya, nizikuze. Nimeshaziweka kimyakimya katika kabati lile lile la A, maana sina jingine. Damu itaombwa tena. Dada amekuwa wa kwanza kujiandikisha, kwa Alhamisi. Amepiga simu kuuliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema yote, na Profesa amesifu ukweli wangu. Akasema ananionea fahari. Naona aibu. Kweli naona.

Tatizo ni moja tu. Fundi wa makabati anakuja kesho saa tatu kulikagua lile la A, na ni zima kabisa. Itabidi nifike saa mbili nilizime. Kwa muda wa saa moja tu. Seli za Bi Saa zimelishwa vizuri, zitavumilia.