Kobe wa Giga Arobaini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta imeganda mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Kobe wangu wa katuni amebaki mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Nikamtazama, akanitazama. Hakuna aliyesogea.

Niandike habari yenyewe. Kuna mhariri wa vitabu vya watoto anayetafuta mtu wa kugeuza hadithi zake ziwe katuni. Vitabu kumi na viwili, kazi ya miaka miwili. Cha kwanza ni cha kobe anayevuka barabara. Anayeitaka kazi amwonyeshe dakika moja ya majaribio Ijumaa saa nane mchana. Ninaitaka. Shemeji naye anaitaka! Huyu ni mdogo wa mke wangu, tunachangia chumba cha kazi hapa nyumbani. Meza yangu iko ukutani, yake dirishani, kwa sababu aliwahi. Kompyuta zetu tulizinunua siku moja, zinafanana kama mapacha. Memori giga kumi na sita kila moja.

Nikiikosa, Jumatatu ijayo naanza kazi kwa kaka yao, ambaye kimoyomoyo namwita Bwana Misumari. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu wa kupima misumari. Mke wangu ameshamkubalia kwa niaba yangu. Miaka sita nachora, leo nikapime misumari!

Tatizo si mimi. Tatizo ni memori. Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta pale kona. Kasema memori ni kama meza ya kazi: ikiwa finyu vitu vinaanguka, ikipita kiasi unafuga vumbi. Kwa michoro ya kawaida kumi na sita zinatosha. Kwa katuni kama zangu thelathini na mbili ni starehe. Sitini na nne ni za watu wenye filamu ndefu na picha nzito. Kanishauri nirudi nyumbani, nifungue kazi kama ninavyofanya siku zote, nitazame imekula kiasi gani, ndipo ninunue.

Ushauri mzuri sana. Nimeamua kununua sitini na nne.

Mke wangu ndiye mshika mfuko. Kasema hatoi kitu mpaka aone ushahidi kwa macho yake. Kesho saa kumi, akitoka kazini. Ataupata!

Jumanne, 5 Machi

Maandalizi tangu asubuhi. Nimefungua kobe. Nimefungua programu ya muziki, ya barua, ya ramani. Mechi tatu za mpira, zote zinacheza, sauti nimezima. Kurasa tisini na nne za mtandao, mmojawapo wa ufugaji wa sungura. Vyote nikavificha nyuma ya kobe. Ilipokaribia saa kumi kipimo cha memori kilikuwa kimejaa hadi pomoni. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetega mtego wake vizuri.

Mke wangu akavuta kiti. Nikabonyeza kobe atembee. Kompyuta ikaganda kwa adabu kabisa, kama tulivyokubaliana. Nikashusha pumzi ya mtu aliyeonewa. Nikamwambia, unaona mateso ninayoyapata humu?

Akashika kipanya, akangoja. Mke wangu anajua kungoja, hilo nilikuwa nimelisahau. Baada ya dakika mbili kompyuta ikazinduka kidogo, akamsogeza kobe pembeni, akaona yaliyo nyuma yake. Akauliza kobe mmoja anahitaji mechi tatu za nini. Nikasema ni utafiti wa mwendo. Akaanza kufunga kimoja kimoja huku akisoma majina kwa sauti. Kwenye ukurasa wa sungura alisimama, akasoma kichwa cha habari chote. Shemeji kule dirishani alikuwa hana mbavu.

Mwisho kobe akabaki peke yake. Kipimo: kumi na moja kati ya kumi na sita. Akatembea bila kukwama hata mara moja, msaliti yule. Mke wangu akasema nimebakiwa na giga tano, nizitumie vizuri. Akaenda kuvua viatu.

Nimeaibika. Naandika humu tu, nje ya humu nitasema ilikuwa hitilafu ya umeme.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo nikiwa napiga mswaki. Shemeji hajawahi kulalamika kuhusu memori. Asiyelalamika anayo ya ziada. Hesabu haikatai.

Saa tano kaenda kwa daktari wa meno. Nikampa pole, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi na bisibisi. Ndani ya kasha la kompyuta yake kuna vipande viwili vya memori, giga nane kila kimoja. Nimechukua kimoja tu. Mimi si mnyama.

Meno ya kipande nimeyasugua palepale kwa ufutio wa penseli, kama nilivyomwona fundi akifanya. Nikakichomeka kwangu. Milio mitatu, kioo cheusi tii! Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikakitoa, nikakipangusa kwa shati, nikakisukuma kwa dole gumba mpaka kikalia tak. Ikawaka. Ishirini na nne! Yeye nane.

Mchana wote nimeutumia kuitazama namba. Kobe hajasogea, ila sasa anasimama kwa kujiamini.

Shemeji karudi shavu limevimba. Kawasha kompyuta, kainama kidogo chini ya meza yake, kainuka. Nikamwuliza kama anaumwa sana. Akatikisa kichwa. Baadaye akaja mezani kwangu, akaweka ufutio wangu mbele yangu, taratibu. "Umesahau, shemeji." Akarudi zake.

Ni binti mwema. Sijui aliuokota wapi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemchungulia Shemeji. Anafanya kazi kifukara. Amefunga kila kitu isipokuwa kobe. Muziki anaimba mwenyewe, na shavu lile. Milima ya nyuma ameifuta. Miti ameifuta, mawingu ameyafuta. Kabakiza kobe, mstari mmoja wa barabara, na weupe. Anamaliza sekunde tano, anahifadhi, anafungua nyingine tano. Nilimwonea huruma kweli. Karibu nimrudishie kipande chake. Lakini kesho ni Ijumaa, huruma nayo ina siku zake.

Mimi mwenye ishirini na nne siwezi kufanya kazi kifukara. Nimeamua gamba la kobe wangu liwe na vigamba mia saba, kila kimoja kinang'aa na kutikisika kivyake. Kompyuta ikakubali sekunde mbili, ikaganda. Kumbe hata ishirini na nne ni chache! Nilijua. Nilisema tangu Jumatatu, nani alinisikiliza?

Nikakimbia kwa fundi nikiwa na kibao changu cha kuchorea kwapani, pamoja na kalamu yake. Nimembadilishia kwa vipande viwili vya giga kumi na sita. Fundi akaniuliza nitachorea nini. Nikamjibu, kipaji. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Alipouliza mara ya tatu nikaona ananidharau, nikaondoka bila kuaga.

Arobaini na nane! Nafasi zote nne zimejaa: viwili vipya, viwili vyangu vya zamani. Kipande cha Shemeji kimekosa pa kukaa. Nimekitia mfukoni mwa shati, nitakirudisha akitoka. Hatoki. Saa nne mfululizo hajanyanyuka kitini. Hata maji ya kunywa dada yake ndiye aliyemletea.

Vigamba mia saba sasa vinatikisika bila wasiwasi. Nimekaa kuchora miguu kwa kipanya. Wa kwanza umetoka kama kiazi. Nikafuta. Kiazi kingine. Nikabadilisha mkono, kiazi kikubwa zaidi. Ilipofika jioni nimeviacha viazi vinne, kimoja kila pembe. Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa na mkono mzuri sana na ile kalamu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevaa shati safi. La jana nimelitupa kwenye kapu la nguo chafu.

Mhariri kafika saa nane kamili. Mama wa makamo, miwani juu ya paji la uso, si mtu wa kuchekacheka. Nikaanza mimi, nilisisitiza. Sekunde tisa. Gamba likameremeta chumba kizima! Mhariri akasogeza kiti. Akasema gamba hili ni zuri mno, hajaona mfano wake. Nikamtupia jicho mke wangu, aliyeomba ruhusa kazini ili ashuhudie. Kisha Mhariri akauliza kobe anavuka barabara saa ngapi. Nikamwambia anajiandaa. Akauliza kwa nini amekalia viazi. Mke wangu akatazama dari.

Akafuata Shemeji. Dakika moja kamili. Weupe mtupu, mstari wa barabara, kobe. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anatia mguu, unasikia gari linapita, anarudi. Mara tatu. Uso wake unazidi kuwa wa mtu mzima anayejizuia kutukana. Mara ya nne anavuka, anafika katikati, anasimama. Anapiga chafya. Anaendelea.

Mhariri alicheka mpaka miwani ikamdondokea puani. Akasema weupe ule ndio aliokuwa anautafuta, kila mtu anamletea milima. Kazi akampa palepale, kwa kumshika mkono.

Niliumia. Sina neno jingine la kuweka hapa.

Na bado. Mhariri kaondoka tu, mke wangu akaingia na beseni. Mkono mmoja kashika kitu cha kijani kinachuruzika maji. Kasema kimetoka kwenye shati langu, ni nini hiki? Nikajitia kutafuta miwani. Sina miwani. Shemeji akakipokea, akakipangusa kwa upindo wa gauni, akakianika dirishani. Akamwambia dada yake kwamba alijua tangu Jumatano. Ufutio wangu aliukuta ndani ya kasha la kompyuta yake. Hakuwa na muda wa kugombana, kobe alikuwa anamsubiri.

Mke wangu akachukua beseni lake, akatoka bila kunitazama. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 9 Machi

Kipande kimekauka, kimewaka. Shemeji ana kumi na sita zake tena. Ni safi kuliko zangu.

Nimefikiri sana na nimeuona ukweli. Asingebaki na giga nane, asingefuta milima. Asingefuta milima, Mhariri asingecheka. Kwa hiyo kazi ile nimempatia mimi. Nimemweleza kwa upole, bila kujisifu. Alinisikiliza, kalamu mdomoni.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Mhariri ameulizia lile gamba. Kwenye vitabu vile kuna kobe, kakakuona, mamba, samaki, wanyama wa magamba tele. Shemeji anataka nimfanyie magamba yote, vitabu vyote kumi na viwili, jina langu chini ya lake. Ameshazungumza na fundi, kibao changu bado kiko rafuni, nirudishe vile vipande viwili nikichukue. "Usiende kupima misumari, shemeji. Utaipima vibaya." Mke wangu alikuwa mlangoni na nguo za kukunja. Nilimwona anashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu jana akanitazama usoni.

Kilichotakiwa ni neno moja.

Nikasema nina sharti dogo. Kwa magamba ya vitabu kumi na viwili, kumi na sita ni mzaha. Arobaini na nane zenyewe zinabana. Sitini na nne, au tusahau.

Shemeji akasema basi tusahau. Sikutegemea angejibu haraka vile. Mke wangu alikunja nguo mpaka zikaisha, akaanza kuzikunja upya.

Jumatatu, 11 Machi

Dukani. Bwana Misumari kanipa koti la kijivu linalonifika magotini. Asubuhi nimempa misumari ya inchi tatu mteja aliyetaka ya inchi nne. Amerudi. Nikampa ya inchi mbili. Amerudi tena, safari hii na mkewe.

Mchana nimehamishiwa kwenye kompyuta ya orodha ya bidhaa, wakidhani huku sitaharibu kitu. Orodha inachukua dakika nzima kufunguka. Nikachungulia ndani. Giga nne. Nne! Duka lote hili, saruji, mabati, rangi, linakaa juu ya giga nne! Sasa naelewa kwa nini mambo hayaendi hapa. Nimemweleza Bwana Misumari kwamba anahitaji thelathini na mbili kwa uchache, na sitini na nne akiwa anajipenda. Kasema anataka ushahidi, kesho saa nne asubuhi.

Ataupata. Nimeshafungua mechi mbili na ule ukurasa wa sungura.