Malalamiko Kuhusu Foko Isiyochagulika

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kwa mkwe wangu, mpima ardhi,

YAH: KUCHELEWA KUCHAGULIWA KWA FOKO YA MBELE YA BAISKELI YANGU

Salamu kwanza. Mimi mzima, mama mkwe wako mzima, cherehani nzima. Aliye hoi ni baiskeli. Nakuandikia kwa utaratibu huu badala ya kukwambia Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ukija huwa unaanza kueleza, na ukianza kueleza mimi husahau nilichotaka kulalamikia.

Nikumbushe kwa ufupi. Baiskeli hii ya milimani, ya bei nafuu, yenye shokapu mbele tu na nyuma kavu, alininunulia binti yangu, mkeo, kwa mshahara wake wa kwanza. Aliipanda mwenyewe kutoka dukani ili aone kama itanifaa, akaingia nayo hadi sebuleni bila kushuka, akagonga kabati. Akasema, "Baba, breki ni nzuri, tatizo ni kabati." Baada ya kumzika, foko, ile miguu miwili yenye shokapu inayoshika gurudumu la mbele, ilianza kubonyea bila kurudi, kama mtu aliyeketi akakataa kuinuka. Nilikutajia tu, kama mtu anavyotaja mvua. Ukasema, "Baba, niachie mimi." Nikakuachia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinipima uzito. Naelewa kwamba springi ya foko huchaguliwa kwa uzito wa mpandaji. Lakini mtu hampeleki baba mkwe wake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akamsimamisha juu ya mizani mbele za watu. Yule bwana alikuuliza kama unaniuza mzima au kwa vipande, nawe badala ya kunitetea ukamwomba anyamaze kidogo usome vizuri. Tangu hapo nikipita pale vijana wake wananiita Chuma.

2. Hujui unataka nini. Jumamosi moja ulisema tuchukue foko ya springi, kwa kuwa ni rahisi na haina makuu. Nikakubali. Ukaja tena ukasema ya springi ni nzito, bora ya hewa, ambayo hujazwa kwa pampu yake ya pekee. Nikakubali. Ukarudi ukasema pampu yenyewe inakaribia bei ya foko, kwa hiyo turudi kwenye springi. Nikakubali, na safari hii ukanitazama kwa kuudhika, kana kwamba nakubali haraka mno.

3. Vipimo. Mimi ni fundi cherehani. Mteja wangu husimama mara moja, nikampima, akaenda zake. Ningewapima watu kama unavyopima baiskeli, mji mzima ungekuwa unatembea umejifunga shuka. Umeipima shingo ya foko, lile bomba linalopanda kuingia kwenye fremu, kwa futi yako ya chuma, kisha kwa utepe wangu, kisha kwa uzi. Ukagundua kuwa upana wake juu na chini ni mmoja, ukafurahi kama aliyepata mtoto, maana foko nyingi za siku hizi zina shingo iliyopanuka chini na hazitaingia. Vizuri. Lakini siku hiyo uliling'oa gurudumu la mbele na hukulirudisha. Baiskeli imepiga magoti juu ya tofali, katikati ya sebule ambayo ndiyo karakana yangu. Wageni wakiingia hudhani inasali, wanapunguza sauti.

4. Uliikataa foko niliyoichagua mimi. Nilikuonyesha moja nyekundu, ndefu, yenye miguu kama ya korongo. Ukasema zinazobonyea kiasi kile ni za watu wanaoruka majabali; kwenye fremu yangu itainua pua, usukani utakuwa mvivu, na fremu inaweza kupasuka shingoni. Nikakwambia mimi nami huruka mtaro wa dukani kila siku. Ukageuka ukaangalia dirishani, na mabega yako yakawa yanatikisika. Sikujua kama unacheka au la, na sikuuliza.

5. Uchumi. Bila baiskeli nguo za wateja nazipeleka kwa miguu. Nikienda kwa miguu nasalimiana na kila mtu, nikisalimiana nachelewa, nikichelewa, bwana harusi anasimama mbele ya wakwe akiwa na koti lisilo na mkono mmoja. Bibi harusi ataanza kufikiri upya. Akifikiri vya kutosha hakuna ndoa, na pasipo ndoa ukoo mzima utakosa kuzaliwa. Watu wote hao, mkwe wangu, wanakudai foko.

6. Mama mkwe wako amenisaliti. Alianza kwa kutuletea chai tu. Sasa anaketi kabisa na ana msimamo: anataka foko yenye kitufe cha kuifunga isibonyee kwenye barabara laini, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kupanda baiskeli maishani. Ijumaa hufua kitambaa cha meza kuingojea Jumamosi yako. Nilipomwambia kwamba foko si mgeni rasmi, alinijibu, "Wewe shona."

7. Maneno ya watu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi jirani yetu muuza mkaa alikuja kuchukua suruali yake. Akaitazama baiskeli juu ya tofali, akaniuliza, "Yule kijana bado anakuja kwenu?"

Nikamwambia anakuja.

"Mke hayupo tena, mtoto hawakujaliwa. Anafuata nini?"

Nikakata uzi kwa meno, nikamjibu, "Anafuata foko."

Akaondoka hajaridhika, wala hana suruali, maana tulipokuwa tukizungumza nilikuwa nimeushona mfuko wa suruali hiyo ukaziba.

Nimelifikiria swali lake. Wewe bado kijana, na ni haki yako kupanga maisha yako upya. Mama mkwe wako amelisema hilo kwa sauti ya chini, mimi nikaitikia kwa kichwa. Hatutaki ionekane kwamba tumekufunga kwetu kwa kipande cha chuma. Mtu akiwa na mahali pa kwenda Jumamosi, aende, asizuiwe na baiskeli ya mzee.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba suala hili lifikie mwisho. Chagua. Ya springi, ya hewa, au hata ile kavu isiyobonyea kabisa, mikono yangu itazoea. Ukishindwa, nitamwambia mchomeleaji aniwekee springi za kochi, na lawama zitakuwa zako. Jumamosi hii uje na foko, au usije.

Wasalimie wote kazini, hasa yule mwenzako anayekushikia nguzo upande wa pili wa kiwanja. Mwambie namwonea huruma. Msalimie mama yako mzazi, na umwambie gauni lake liko tayari.

Ni mimi, ninayengoja kwa adabu,
Baba mkwe wako, fundi cherehani

Baada ya kutia sahihi: Mama mkwe wako ameisoma barua hii kwa sauti ili akague makosa. Alipofika penye "au usije" aliacha kusoma, akaiweka mezani, akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Basi maneno hayo yahesabu kuwa hayakuandikwa. Tena sina budi kukujulisha kwamba fundi baiskeli wa pale kona amepata foko ya springi iliyotumika kidogo. Shingo ni ile ile, urefu ni ule ule. Tuliijaribu jana ikaingia kama kidole kwenye pete. Nimemwambia amuuzie mtu mwingine, rangi haikunipendeza. Ni nyeusi, kama hii niliyo nayo. Kwa hiyo njoo Jumamosi tuanze upya, na ikiwezekana tuanze na zile za hewa, sikuzielewa vizuri. Na siku foko itakapopatikana, maana kitafutwacho hupatikana, utukumbuke.