Meza ya Duara ya Shule ya Bondeni

Jumatatu, 10 Novemba
Siku nne zimebaki. Ijumaa chuo kikuu na chuo cha ufundi wakigonga mihuri kwenye mkataba wa ushirikiano na shule yetu, wanafunzi wetu arobaini na mmoja watapata masomo pande zote tatu. Wasipogonga, jimbo linaifunga shule. Watoto watasoma ng'ambo ya mlima, saa nzima kwa basi.

Tatizo langu mimi, mpangaji wa mkutano, ni viti. Kiti cha heshima ni kilicho mbali na mlango. Anayekaa karibu na mlango ndiye mdogo. Profesa Urabe wa chuo kikuu ana shahada tatu. Bwana Komatsuda wa chuo cha ufundi ana miaka sabini. Nani akae wapi? Mkuu wetu, Bi Anzai, kasema wakae popote. Ana miaka hamsini. Ujana bado unamsumbua.

Jumanne, 11
Nimepata! Meza ya duara. Duara halina mbele wala nyuma. Nimewaagiza wanafunzi wa Bwana Komatsuda waiunde. Sababu sikuitaja.

Alhamisi, 13
Bi Anzai aliutazama mchoro wangu wa meza. "Mzee Hirukawa, meza sawa. Mlango je, si uko palepale?"
Nilitafakari mpaka chai ikapoa. Nikaung'oa mlango. Akaniuliza kama na uwazi wake nitaung'oa.

Ijumaa, 14
Meza imefika. Ya mwerezi, inanukia. Haikupita. Nilipima chumba, uwazi wa mlango sikuupima. Ikabaki uani, ikiyumba juu ya kokoto, na wageni hao wanaingia.

Profesa Urabe aliuliza miguu imeshikaje bila msumari. Bwana Komatsuda akamwambia ainame ajionee. Akaingia chini ya meza, sketi na yote, mzee wa watu nyuma yake akimwonya.
"Usivute hapo, Profesa, utatubomolea mkataba."
Dakika ishirini walibishana huko chini juu ya unyevu wa mbao. Profesa akataka wanafunzi wake waje kuupima. Akajibiwa waje, majivuno wayaache nyumbani.

Mihuri iligongwa pale pale, wote wamesimama. Shule imepona. Viti hakuna aliyeviulizia. Nadhani ni kwa sababu ya duara.

Jumamosi, 15
Bi Anzai ameniomba jambo dogo: nitundike kibao cha ushirikiano langoni. Majina matatu. Nani aanze?

Nimelipima kwa utulivu. Vibao vitatu, kila kimoja kikianza na jina tofauti, kila kimoja kwenye lango lake.

Shule ina lango moja. Jumatatu namwona mwashi kuhusu mengine mawili.