Kishindo cha Mkazo

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara ya Kiingereza anastaafu! Mkaguzi anakuja Ijumaa kutazama vipindi. Atakayemkosha ndiye atakayekalia kiti. Mada: vivumishi ambatani vya Kiingereza, kuvikata silabi na kuviwekea mkazo. Tuko wawili tu, mimi na Mwalimu Taratibu, aitwaye hivyo kwa kuwa hata chafya huipangia muda. Maskini. Namwonea huruma mapema.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua! "Good-looking": gud-LU-king. "Old-fashioned": old-FA-shend. "Absent-minded": ab-sent-MAIN-ded. Mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu! Watu wamekonda kwa kukariri bure. Nikamdokezea Taratibu, kumringia tu. Akanishauri nijaribu maneno zaidi ya matatu. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Nimewanoa wanafunzi: kofi kwa kila silabi, kishindo cha mguu penye mkazo. Raha! Mwalimu wa hesabu, darasa la chini yetu, akapanda mbio, vumbi la dari kichwani. Nikamwambia elimu ina kelele zake.

Jioni mke wangu, muuza makoti ya mvua, akanionyesha lebo: "waterproof". Wo-TA-pruf, nikasema. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti wateja wake wageni husema WO-ta-pruf. Wateja! Wamesomea wapi?

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mkaguzi aliandika ubaoni "duty-free". Makofi matatu, kishindo katikati: dyu-TI-fri! Akakohoa. Akasema mkazo mkuu uko mwisho. Akaandika "waterproof". Wanafunzi arobaini, kishindo kimoja: wo-TA-pruf! Saa ya ukutani ikaanguka, chini wakapiga yowe.

"Mwalimu," mkaguzi akasema kwa upole, "hili mkazo wake uko mwanzoni. Kila neno lichunguze lenyewe."

Kiti kakipata Taratibu. Alishukuru kwa dakika kumi na mbili. Nilitamani ardhi inimeze, nikaambulia kuokota vioo vya saa.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu dogo sana: nilikosea silabi. "Duty-free", mwisho. "Well-known", mwisho. Basi ni mwisho daima! "Waterproof" ni ukaidi wa neno moja.

Nimemwomba mlinzi ufunguo, nimeiandika kanuni mpya juu kabisa ya ukuta wa darasa. Rangi ya mafuta, isifutike. Ngazi sikuhitaji. Taratibu, kwa huruma zake, ameniazima kitabu cha matamshi, kurasa elfu moja. Kinene, imara. Nimekikanyaga, nikafika.