Kupungiwa Mkono Kutoka Mita Arobaini

Jumatatu, 11 Agosti
Baridi. Manyunyu. Bwana Shariff, mpimaji kutoka Murang'a, ameleta mashine ya leza kupima ukumbi wa zamani wa mawe hapa kanisani kabla haujakarabatiwa. Mama ndiye mwenye funguo. Bwana Shariff amekuja na binti yake, Safa. Rika langu! Mama akaniambia nimsalimie. Nikaisalimia mashine.

Wanaondoka Jumamosi. Kabla ya hapo lazima ajue jina langu. Munene. Si gumu.

Jumanne, 12 Agosti
Safa alikuwa anamweleza Mwai, jirani yetu mwenye mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Ati mashine hurusha mwanga, halafu hupima unaorudi una nguvu kiasi gani. Ukuta ulio mbali, au uliogeuka upande, hurudisha kidogo, kwa hivyo kwenye picha unaonekana na giza. Na jiwe ni lile lile! Ndiyo maana wanasahihisha: kwanza umbali, mara umbali wenyewe, halafu pembe.

Jiwe halina kosa. Liko mbali tu. Nililia kidogo nyuma ya tangi.

Mpango: nisimame karibu, niitazame mashine uso kwa uso, nimevaa joho jeupe la kwaya. Nitang'aa kwenye kompyuta yake!

Alhamisi, 14 Agosti
Jana nilisimama dakika sita bila kupepesa. Niling'aa kweli. Leo Bwana Shariff ameuliza huyu malaika ametoka wapi. Safa akanifuta. Lakini ili anifute, ilibidi achore mstari kuzunguka umbo langu lote kwa mkono wake mwenyewe. Hata masikio!

Sasa kwenye picha ya ukuta kumebaki tundu lenye umbo langu. Mwai anasema sijawahi kupendeza hivyo. Kona hiyo itapimwa upya kesho.

Ijumaa, 15 Agosti
Nikaamua kutubu. Mapema asubuhi niliosha kona yote, ndoo nne, ing'ae. Kumbe jiwe lililolowa hunywa mwanga. Nyeusi tii! Bwana Shariff akamuuliza Mama kama kijana wake yuko sawa. Ati hesabu ya umbali iko, ya pembe iko, ya ndoo hakuna. Safa alicheka mpaka akakaa chini. Akaniita "wewe wa ndoo."

Si Munene, lakini ni mwanzo. Nimeomba mvua inyeshe wiki nzima, ukuta usikauke.

Jumamosi, 16 Agosti
Jua! Mwezi mzima hatujaliona, likachagua leo. Wakapima, wakafunga mizigo. Kule getini Safa akapunga mkono. Kidogo tu, vidole viwili. Mwai anadai alipungiwa yeye.

Walipoenda nikapima kwa hatua. Mita arobaini. Tena alikuwa amegeuka upande, anaangalia gari. Basi nimesahihisha umbali, arobaini mara arobaini. Nimesahihisha pembe. Aki ya nani, hakuna mtu Nyeri hii amewahi kupungiwa mkono kwa nguvu hivyo!

Dadangu Wachuka anasema hata jina hakuniuliza, na sufuri mara chochote ni sufuri. Wachuka hajui sayansi. Murang'a ni mbali zaidi ya geti. Akininyamazia kutoka huko, nikimaliza hesabu, sijui kama masikio yangu yatastahimili.